Tumelala Laramie

Baba yangu aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 26, na katika miaka hiyo yote aliandika kitu kimoja tu: mahali alipolala. Daftari lake lilikuwa lile la jalada gumu, la aina ambayo wenye maduka huandikia madeni. Chalinze. Mikumi. Ruaha Mbuyuni. Ilula. Hata alipofika nyumbani kwetu Makambako aliandika “nimelala Makambako”, kama vile ni kituo kingine cha njiani. Mara chache, pembeni, aliongeza maneno mawili matatu: pancha mbili, utingo ana homa, ukungu Kitonga. Nilipokuwa msichana nililifungua kwa siri nikitarajia kukuta tembo wa Mikumi, mpaka wa Zambia, watu aliokutana nao. Nikakuta majina ya vituo. Nikalirudisha chini ya godoro nikiamini baba yangu ni mtu asiye na hadithi.

Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa Januari, tulihama kutoka Syracuse, jimbo la New York, kwenda Boise, Idaho. Ni karibu kilomita 3,800, kama kutoka Dar kwenda Tunduma na kurudi, kisha kwenda tena na kurudi tena. Mume wangu alikuwa amepata kazi huko, ya kuanza Jumanne asubuhi. Mdogo wangu wa kike alishakuwa Boise mwaka wa tatu, na kila jioni alitupigia simu kutuhimiza. Tulipanga kuondoka Alhamisi na kufika Jumatatu usiku. Siku tano. Nilipiga hesabu kwenye karatasi mara nyingi na kila mara zilitimia, kwa sababu kwenye karatasi barabara huwa kavu.

Tulijiona tunaijua theluji. Syracuse ni kati ya miji inayopata theluji nyingi kuliko yote Marekani, karibu mita 3 kwa msimu, kwa sababu upepo hupita juu ya maji ya Ziwa Ontario, hubeba unyevu na kuja kuumwaga mjini. Miaka sita tulikuwa tumeshika sepetu kila asubuhi. Lakini theluji ya Syracuse huanguka. Hutoka juu kwenda chini kama mvua. Sikujua kuna mahali inakotembea.

Mimi ndiye niliyeendesha lori. Lilikuwa la kukodi, la futi 16, na mume wangu alifuata nyuma na gari letu dogo pamoja na watoto, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano. Hatukubishana juu ya hilo. Nyumbani kwetu inajulikana kwamba mtoto wa dereva ni mimi. Tulipakia vitanda, masufuria, cherehani ya marehemu mama, magunia mawili ya nguo, na nyuma kabisa, mlangoni, ndoo ya mchaichai niliokuwa nimeuotesha dirishani kwa miaka minne. Niliufunika kwa blanketi.

Kabla hata ya kufika Buffalo niligundua kwamba maji ya waipa ya lile lori yalikuwa ya majira ya joto. Barabara zile humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na kila lori linalokupita hukurushia tope la chumvi ambalo hukauka kwenye kioo cha mbele likawa jeupe kama chokaa. Nilibonyeza maji yaje yasafishe. Yalikuja, yakatawanyika, na papo hapo yakaganda. Kwa sekunde kama nne nilikuwa naendesha nikitazama ukuta mweupe. Nilifungua dirisha, nikatoa kichwa nje, nikajivuta hadi pembeni. Nilikwangua kioo kwa kadi ya maktaba ya binti yangu. Kuanzia hapo nilisimama kila baada ya saa moja hivi, natoka na chupa ya maji ya uvuguvugu na kitambaa. Nilipowapigia wenye lori kuwauliza, waliniambia nitafute kituo cha mafuta.

Usiku wa kwanza tulilala Toledo, wa pili Walcott, Iowa, kando ya kile kituo cha malori kinachojitangaza kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Mwanangu wa kiume alihesabu malori dirishani hadi usingizi ukamchukua. Indiana na Illinois sina la kusema juu yake isipokuwa kwamba tulizipita.

Jumamosi ndiyo nataka kuieleza taratibu.

Nebraska ni tambarare, na barabara kuu namba 80 hufuata Mto Platte kwa mamia ya kilomita, reli ikiwa upande mmoja na mashamba ya mahindi yaliyovunwa kila upande. Jua lilitoka, lami ilikuwa kavu, na mimi nilikuwa na deni la muda. Tulipofika Grand Island, giza likiingia, mume wangu alinipigia simu. “Mama, watoto wamechoka. Tutafute pa kulala.” Nikamwambia tuongeze kidogo. Tulipopita Kearney, chini ya lile jengo la makumbusho lililokaa juu ya barabara kama daraja, akapiga tena. Nikamwambia tena, tuongeze kidogo tu. Hakubisha. Ndivyo alivyo, na mimi nilikuwa nautumia ukimya wake kama ruhusa.

Kabla ya Lexington pana daraja fupi, la kupita juu ya barabara nyingine. Madaraja huganda mapema kuliko barabara iliyolala juu ya ardhi, kwa sababu upepo huyapoza juu na chini, na kuna vibao vya kukuonya. Nilikuwa nimeshaviona vingi mno kiasi kwamba sivioni tena. Barafu ya namna hiyo wenyeji huiita barafu nyeusi, ingawa haina rangi yoyote. Ni ngozi nyembamba ya maji yaliyoganda, na unachokiona ni weusi wa lami iliyo chini yake. Macho yako hukuambia barabara ni ile ile.

Mikono ndiyo iliyojua kwanza. Usukani ukawa mwepesi ghafla, mwepesi kama wa gari la waya alilotengeneza mtoto. Kisha mkia wa lori ukaanza kwenda kushoto, polepole, kama ng’ombe anayegeuka zizini. Mguu wangu wa kulia ulitaka breki kwa nguvu zote. Na nikasikia maneno ya baba, yale aliyonifundishia kwenye tope la Njombe nikiwa na miaka kumi na saba: gari likiteleza, mguu uwe mgeni, mgeni hagusi kitu cha watu. Niliuinua mguu. Nikaugeuza usukani kidogo sana kuelekea kule mkia ulikokuwa unakwenda, nikangoja. Chuma cha ukingo wa daraja kilipita karibu na kioo cha pembeni kiasi kwamba niliona kutu kwenye msumari wake. Halafu daraja likaisha, tairi zikashika lami, lori likanyooka.

Nyuma yangu, taa za gari letu dogo zilikuwa bado zinakuja. Zilikuwa zinakuja kwenye daraja lile lile. Sijawahi kutazama kitu kwa namna nilivyozitazama taa zile mbili kwenye kioo. Mume wangu alikuwa ameshaniona nikiyumba, akaacha mafuta mapema, akapita kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kwenye kituo cha mafuta alikuja dirishani kwangu, na hakunilaumu. Alisema tu, “Leo tulale hapa.” Binti yetu alikuwa amesimama nyuma yake na koti lake halijafungwa zipu. Aliniuliza, “Mama, ulikuwa unacheza?” Nikamwambia hapana. Nilitaka kuendelea kumweleza lakini sauti haikutoka.

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Hesabu zangu za karatasini zilikuwa na kilomita, mafuta, saa na bei za moteli. Hazikuwa na watu ndani yake. Mtu anayehama huanza kuishi kule aendako kabla hajafika, na wale alionao njiani huwa mzigo wa kufikishwa. Mume wangu aliniomba mara mbili tusimame, nami nilimjibu kama mtu anayeongea na trela lililofungwa nyuma. Kosa la daraja ni la barafu. Kosa la Grand Island na la Kearney ni langu.

Jumapili tuliingia Wyoming. Kati ya Cheyenne na Laramie barabara hupanda hadi mita 2,633, mahali pa juu kuliko pote kwenye barabara hiyo kutoka bahari hadi bahari, na hapo kilimani pana sanamu kubwa ya kichwa cha Abraham Lincoln inayotazama chini barabarani. Sikusimama kuitazama. Kutoka hapo kwenda Laramie ni mteremko mrefu ndani ya korongo, na mimi niliona Kitonga, mlima wa njia ya baba. Majabali, kona, malori mazito yakinuka breki. Baba alikuwa akisema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, hata kama mlima wa kupanda hukuuona. Niliweka gia ya chini, lori likalia, tukashuka tukiwa nyuma ya semi moja iliyowasha taa za hatari, hakuna aliyetaka kumpita mwenzake.

Mwisho wa mteremko, nje kidogo ya mji, barabara ilikuwa imefungwa. Si kwa polisi wala kamba. Wyoming wana mageti, vyuma virefu vyenye taa nyekundu, kama vya kuvukia reli, vinavyokaa wazi pembeni mwaka mzima vikisubiri siku kama hiyo. Vilikuwa vimelala katikati ya njia. Magari yote yaligeuzwa kuingia mjini. Mbele yetu, hadi Rawlins, kilomita 160, upepo ulikuwa umeinuka.

Mimi ni mtu wa Makambako. Upepo wetu unajulikana. Kuna watu waliokuja kuupima wakitaka kuufanya umeme. Niliposhuka kwenye lori pale Laramie mlango ulinyakuliwa mkononi mwangu, na theluji ilikuwa inapita usawa wa magoti, mlalo, kama vumbi la kiangazi linavyofukuzana barabarani, ila hili vumbi linachoma. Juu anga lilikuwa la bluu kabisa. Hapakuwa na tone lililokuwa likianguka. Ni theluji ya juzi, iliyokwisha kulala, iliyoinuliwa ikaanza safari.

Mama mmoja mzee wa mapokezi ya moteli alituambia mambo hayo hayamshangazi mtu yeyote aliyezaliwa pale. Barabara ya zamani, alisema, ilizunguka kaskazini kupitia Medicine Bow. Wahandisi walipochora hii mpya wakataka kukata njia, waipitishe chini ya Elk Mountain, na wafugaji wa huko wakawaambia: pale upepo hauna adabu. Hawakusikilizwa. Nilikuja kusoma baadaye, na ni kweli. Kipande hicho kilifunguliwa Oktoba 1970, kikapunguza safari kwa kilomita 30 hivi, na majira ya baridi yale yale ya kwanza kikaanza kufungwa. Tangu hapo jimbo limejenga kilomita nyingi za uzio wa mbao kando ya barabara ili kuikamata theluji kabla haijafika. Niliziona siku tulipoondoka. Si kuta. Ni mbao zilizolala zenye nafasi kati yake, karibu nusu ni mbao na nusu ni uwazi. Upepo unaruhusiwa kupita, lakini ukishapita umepungua nguvu, unadondosha ulichobeba. Ukuta mzima ungeusukuma upepo juu na kuuacha uende na mzigo wake hadi barabarani.

Jioni ile, kwenye kituo cha malori, nilikuwa nakwangua kioo nikasikia mtu nyuma yangu anaongea na simu: “Niko hapa Laramie, bamefunga njia.” Niligeuka kama mtu aliyeitwa jina. Alikuwa Mkongo wa Uvira, wa umri wa kaka yangu mkubwa, na semi yake ilikuwa imebeba unga wa ngano. Nilimsalimu, akacheka kwa furaha, akauliza natoka wapi na watoto kwenye baridi ile. Kisha akatazama kioo changu, akafungua tenki la maji ya waipa, akachovya kidole. “Mama, hii maji si ya huku. Hii itakuua.” Alikwenda kwenye lori lake akarudi na galoni mbili za yale yasiyoganda. Alikataa pesa. Akanieleza pia, akihesabu kwa vidole, mambo ambayo hakuna aliyenieleza kwa miaka sita: ukikwama usitoke garini kwenda kutafuta msaada, toka tu kufukua theluji kwenye ekzosi, kwa sababu ikizibwa moshi unarudi ndani na utawalaza wote bila nyinyi kujua, fungua dirisha nafasi ya kidole upande usio na upepo, washa injini dakika chache, izime. Na chumvi, alisema, usiitegemee huku. Baridi ikipita nyuzi kumi chini ya sifuri hivi chumvi ya kawaida karibu haina kazi tena, ndiyo maana utaona wanamwaga mchanga.

Mume wangu alimpigia bosi wake mpya, ambaye alikuwa hajawahi hata kumwona ana kwa ana, kumwambia Jumanne hatakuwepo. Aliizunguka simu kwa nusu saa kabla ya kubonyeza. Bosi aliuliza tuko wapi, akasikia Wyoming, akasema, “Kaa hapo.” Mazungumzo hayakuzidi dakika mbili.

Saa mbili usiku, yaani saa kumi na mbili asubuhi ya Makambako, nilimpigia baba.

“Baba, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Mmelala wapi?”

“Tumekwama, Baba. Barabara imefungwa, na kazi inaanza kesho kutwa, na...”

“Nimekuuliza mmelala wapi.”

“Laramie.”

“Andika.”

Ndipo nikamuuliza juu ya lile daftari. Alinyamaza kidogo, nikamsikia anavuta kiti. Akasema alianza kuliandika kwa ajili ya tajiri, mwenye lori, aliyekuwa akikata pesa kwa kila siku ya kuchelewa na kutaka maelezo. Kisha akaniuliza kama nakumbuka ukurasa wenye ukungu wa Kitonga. Nikamwambia nakumbuka. Akasema usiku ule walikuwa wawili pale Ruaha Mbuyuni, malori mawili ya tajiri mmoja. Yeye akasema atalala. Mwenzake akasema ana ahadi Iringa, akapanda. Alfajiri, ukungu ulipoinuka, baba alimfuata, na kwenye kona ya tatu aliona kwamba mwenzake alikutana na lori lililokuwa linashuka. “Nilikata matawi mwenyewe,” alisema. “Nikayapanga tangu kona ya chini hadi pale alipokuwa, ili wengine wasimpitie juu.” Baadaye, jioni, akarudi kuyaondoa, moja moja, kwa sababu tawi lililosahauliwa barabarani huua wa kesho. Halafu akaandika.

Maneno mawili. Ukungu Kitonga. Nilikuwa nimeyasoma nikiwa na miaka kumi na mbili, nikayaona hayana kitu.

Jumatatu tulikaa. Watoto walichora, mume wangu alilala mchana kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na mimi nilikaa dirishani nikiangalia geti. Usiku huo pia tulilala hapo. Jumanne asubuhi barabara ikafunguliwa, lakini si kwa wote: magari marefu mepesi yalizuiwa, kwa kuwa upepo wa kule huyalaza. Nilimwona yule ndugu wa Uvira anawasha taa. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nami nataka kutoka. Akashusha kioo akapaza sauti, “Weye bado! Umebeba vitanda na sufuria! Mimi nimebeba unga!” Akapiga honi, akaenda. Nilizima injini. Tulisubiri hadi saa saba mchana, tulipoambiwa sasa twendeni.

Kati ya Arlington na Elk Mountain tulipita matrela mawili yamelala ubavu kwenye theluji, matupu, milango yake ikipigapiga. Binti yangu, aliyekuwa amepanda nami lorini siku hiyo, aliuliza kama wenyewe walipona. Nikamwambia sijui, lakini tupunguze mwendo. Tulipunguza.

Tulilala Evanston, na Jumatano jioni tukaingia Boise, siku mbili nyuma ya karatasi yangu. Mdogo wangu alikuwa amepika wali na maharage ya nazi, amewasha taa zote za nyumba. Tulipofungua mlango wa lori, mchaichai ulikuwa umekufa chini ya blanketi lake, majani yake meupe na makavu yakivunjika kama karatasi. Cherehani ya mama ilikuwa salama.

Usiku, watoto walipolala juu ya magodoro sebuleni, nilichukua daftari la shule la binti yangu lililokuwa na kurasa tupu nyuma. Toledo. Walcott. Lexington, barafu darajani. Laramie, upepo. Laramie. Evanston. Mume wangu alisoma juu ya bega langu, akachukua kalamu, na kabla ya Lexington akaongeza mistari miwili aliyoiacha wazi, akiandika kando yake Grand Island na Kearney. Nikamwuliza kwa nini anaandika tusikolala. Akasema ili nisisahau. Kisha akanirudishia kalamu, nikaandika: tumelala Boise.